Mjomba, nyumba zilijengwa, ila si hilo tu

Mjomba, umeniuliza kama ni kweli huku Australia mafuriko yakiwakumba watu serikali huwajengea kila kitu, maisha yakaendelea. Najua unawaza tope lile la Mlima Hanang, Desemba 2023, na ndugu zetu wa Katesh. Nyumba hujengwa, ndiyo. Lakini ngoja nikueleze ya Warmun, kijiji cha Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wa jamii ya Gija, huku Kimberley, kaskazini-magharibi mwa nchi, ninakofanya kazi ya uuguzi.

Machi 2011 kijito cha Turkey Creek kilifurika, kikaharibu sehemu kubwa ya kijiji. Watu walihamishiwa mji wa Kununurra, kama kilomita 200, wakawekwa kwenye kambi ya wafanyakazi. Chakula kilikuwepo, vitanda vilikuwepo. Ila Warmun pombe ni marufuku, na Kununurra inauzwa dukani. Wazee ambao nyumbani neno lao lilisikilizwa, kambini hawakuwa na la kuamua. Wanaonisimulia huumia zaidi wakifika kwenye miezi ile ya kambini kuliko siku ya maji yenyewe.

Kilichowainua, kwa ninavyoona mimi, ni kurudi kwenye ardhi yao na kuendelea kuchora. Kuna bibi mmoja hukaa chini barazani, anasaga udongo mwekundu wa kwao, anauchanganya na gundi, na huku akichora anamtajia mjukuu vilima kimoja kimoja. Namsubiri amalize ndipo nimpime presha. Picha zao za kuchora zilizoloa kwenye mafuriko zilipelekwa Chuo Kikuu cha Melbourne kukarabatiwa, kisha zikarudishwa kijijini. Na si mara ya kwanza sanaa yao kuzaliwa baada ya janga: baada ya kimbunga kubomoa mji wa Darwin, Krismasi ya 1974, mchoraji wao Rover Thomas alioteshwa ngoma ya Gurirr Gurirr, inayochezwa kwa mbao zilizochorwa, zikibebwa mabegani.

Kinachoniuma ni sisi wageni. Wengi huja kwa mkataba mfupi, wanaondoka kabla hawajajua nani ni shangazi wa nani, na mgonjwa anaanza kusimulia msiba wake upya kwa muuguzi mwingine.

Kwa hiyo wakija kuwauliza watu wa Katesh mahitaji yao, mwambie shangazi asiishie kwenye mabati. Aulize nani atakaa jirani na nani, na kina mama wa kikundi chake watakutania wapi.

Na binamu anayetaka kuja kuuguza huku: mshahara ni mzuri, upweke ni mkali. Kama hawezi kukaa miaka, atafute kazi mjini.