Jibu: Corolla ya kawaida inatosha kuanzia autokrosi?

Ndugu, umeuliza kama Corolla yako ya kwendea kazini inafaa kwa autokrosi hapo Marekani, yaani mashindano ya kukimbiza gari moja moja dhidi ya saa kwenye njia iliyopangwa kwa koni. Inafaa kabisa, mashindano ya Solo, yaani autokrosi ya SCCA (klabu ya magari ya michezo ya Marekani), yana madaraja hata ya magari ambayo hayajafanyiwa marekebisho. Toa kila kitu kilicholegea ndani na kwenye buti, pamoja na kapeti la miguuni kwa dereva, kaza nati za tairi, na uulize mapema kama wana helmeti za kuazima.

Asubuhi tembea njia yote kwa miguu, mara tatu ukiweza. Ukiwa ndani ya gari koni zinachanganya mno, na ukikosa geti moja (pengo kati ya koni unalotakiwa kupita) raundi haihesabiwi, wakati kuangusha koni ni sekunde 2 tu za adhabu. Siku ya kwanza jifunze njia, muda utapungua wenyewe.

Macho yatangulie koni moja mbele ya ile unayoipita. Kanyaga breki mapema, gari likiwa limenyooka, ndipo ukate kona. Na nakusihi, mwombe mzoefu akae pembeni yako: raundi moja na mwalimu ilinifundisha kuliko tano nilizoendesha peke yangu. Utapangiwa pia zamu ya kuokota koni, kwa hiyo beba maji na kofia ya jua.