Kabla ya Kununua Tableti Mpya ya Kusomea, Chukua Rula

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Jinja, na karibu kila ninachosoma kimo kwenye tableti: riwaya, miongozo, mitihani ya zamani ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda) iliyopigwa skani. Mwaka jana macho yalianza kuniuma kila jioni. Nikailaumu tableti yangu ya inchi 7 kwamba imezeeka, nikapanda takisi kwenda Kampala na laki sita mfukoni.

Muuzaji alinitolea ya inchi 8.7, bado imo kwenye nailoni. "Hii ndiyo mpya, ssebo. Kioo kikubwa!" Nikamwomba nichomeke memori kadi yangu. Nawe usiende dukani bila yako, maana zile picha za maonyesho hupendeza kwenye kioo chochote. Nikafungua ukurasa uleule kwenye tableti zote mbili. Kwenye ile mpya herufi zilikuwa kubwa kidogo, ila kingo zake zilififia kama muhuri uliopungukiwa wino. Tukasoma boksi: nukta za kioo (pikseli) 1340 kwa 800. Yangu ina 1280 kwa 800. Yaani nukta karibu zilezile zimetandazwa kwenye kioo kipana zaidi: kwangu kama 216 kwa kila inchi, kwenye mpya kama 179. Nikamshukuru kijana wa watu, nikarudi Jinja.

Nyumbani nikachukua rula. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo changu kikisimama kina 9.4. Kwa hiyo PDF ya A4 hushuka chini ya nusu, na herufi ya pointi 12 naisoma kama ya pointi 5 na kidogo. Macho yataachaje kuuma? Nikailaza tableti, upana ukawa 15.1, kisha nikaiagiza programu ikate ukingo mweupe wa ukurasa. Kwa kawaida ukingo huo huwa sentimita 2.5 kila upande, hivyo maandishi yenyewe hubaki na upana wa 16. Herufi zikarudi karibu na ukubwa wake wa karatasini, bila kutoa hata shilingi. Kazi inayoongezeka ni kusukuma ukurasa mara mbili tatu kabla haujaisha.

Vitabu vya EPUB havina taabu hii, kwa sababu unakuza herufi na mistari inajipanga upya. Ukiwa msomaji wa riwaya tu, baki na tableti yako. Ukipenda kusoma juani, kisomeo cha wino wa kielektroniki kama Kindle kitakufaa zaidi kuliko tableti yoyote, lakini A4 humo nayo itasinyaa vilevile.

Badilisha tableti endapo betri yake imevimba (na hapo usiichaji tena), au programu ya kusomea ikikataa kufunguka. Badilisha pia kama kazi yako inadai ukurasa mzima kwa mara moja, majedwali na michoro. Hapo tafuta inchi 10.5 yenye nukta 1920 kwa 1200. Upana wake ni sentimita 14.1. Ujue tu kwamba hizo hukaribia nusu kilo. Niliazima ya mwenzangu, nikaishika kwa mkono mmoja ndani ya takisi. Mkono ulichoka kabla hatujafika Lugazi.

Na jambo moja nililolichelewesha: nilikuwa nasoma huku nimenyoosha mikono, naisogeza tableti mbali na uso. Nilipopimwa macho nikaambiwa nahitaji miwani ya kusomea. Sehemu ya zile laki sita ndiyo iliyoinunua.