Nguzo ya zimamoto na farasi: jibu

Mkuu, umeuliza kama ile nguzo ya kuteleza, askari wanayoshukia haraka kengele ikilia, kwenye vituo vya zamani vya zimamoto Marekani ina uhusiano na farasi. Inao, tena wa moja kwa moja. Chini walikaa farasi na pampu ya mvuke, juu askari, na juu kabisa ghala la nyasi kavu. Mwaka 1878 huko Chicago, askari wa kikosi namba 21, kikosi cha watu weusi, walikuwa kwenye nyasi kengele ikalia. Mmoja akashuka kwa mti wa kubania nyasi kwenye mkokoteni. Kapteni wao David Kenyon akaona, akatoboa sakafu akaweka nguzo ya kudumu. Wenzao waliwacheka, mpaka walipoona 21 wanawahi kufika.

Mimi kinachonikosha zaidi ni mikanda ya kufungia farasi. Ilining'inizwa darini, mbele ya gari la pampu. Kengele ikilia, farasi wanatoka wenyewe bandani, wanasimama chini yake. Kamba inavutwa, mikanda inawashukia mgongoni, kola inabanwa shingoni kach! Haoo.

New York waliwaaga farasi wa mwisho wa zimamoto huko Brooklyn, 20 Desemba 1922. Hata moto haukuwepo, kengele ilipigwa makusudi kuwaaga.