Kisiki ni Seneti: majibu ya maswali yenu kuhusu Marekani

Tangu Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, achaguliwe kuwa meya wa New York Novemba 2025, maswali ya Marekani yamefurika. Nimechagua yanayogusa jambo moja: kwa nini mageuzi ya kumpa nafuu mtu wa kawaida yanaahidiwa kila uchaguzi na hayafiki. Walioulizia viza wanisamehe, kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo.

Mamdani atagombea urais lini? (Msomaji wa Kampala)

Hatagombea. Katiba yao inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa, na yeye alipewa uraia mwaka 2018. Tuendelee.

Obama alikuwa na Ikulu, Baraza la Wawakilishi na maseneta 60. Mbona hakuwapa watu wote bima ya serikali? Si alikuwa mwoga tu? (Msomaji wa Kisumu)

Swali hili haliishi kuja, na wanaoliuliza hawajawahi kukaa chini na kalenda ya mwaka 2009. Tukae nayo leo.

Obama anaapishwa Januari 2009, hana 60, idadi inayotakiwa kati ya maseneta 100 ili wapinzani wasiuzuie muswada. Aprili, Arlen Specter wa Pennsylvania anahama kutoka Republican kuja Democratic, chama cha Obama. Al Franken wa Minnesota haingii mpaka Julai, baada ya kura kuhesabiwa upya na kesi kwenda mahakamani. Tofauti ilikuwa kura 312. Wakati huo Ted Kennedy yuko kitandani na saratani ya ubongo, na anafariki Agosti 25. Kiti chake kinajazwa kwa muda Septemba, halafu Januari 19, 2010 kinachukuliwa na Scott Brown wa Republican. Hizo 60 mnazozisema, yaani watu 60 wanaoweza kuingia ukumbini na kupiga kura, zilidumu miezi michache tu.

Na katika miezi hiyo kila mmoja wao alijua bei yake. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha Novemba muswada wenye bima ya serikali ya hiari, ambayo ingeshindana na kampuni binafsi. Si bima ya wote, ni ya hiari. Joe Lieberman wa Connecticut, jimbo lenye makao ya kampuni kubwa za bima, akasema hiyo ikibaki kura yake hawaipati. Ikaondolewa. Muswada ukapita Seneti mkesha wa Krismasi, 60 kwa 39, bila kura moja ya ziada.

Obama ana makosa yake, na nimeyaandika hapa mpaka wengine mkakasirika. Lakini rais anayehitaji kura 60 na anazo 60 kamili ni mateka wa kila mmoja wa hao 60. Anayeitafuta sababu kwenye moyo wa rais anatafuta pasipo.

Hiyo 60 iko ibara ya ngapi ya Katiba yao? (Msomaji wa Dodoma, anasema ni mwanafunzi wa sheria)

Haiko. Ukiwa mwanafunzi wa sheria, hili lilikupasa ulijue.

Mwaka 1806 Seneti ilisafisha kitabu chake cha kanuni na kuifuta kanuni iliyoruhusu wengi kufunga mjadala. Hakuna aliyekusudia makubwa. Baadaye watu wakagundua kwamba mjadala usiofungika ni muswada usiopigiwa kura, na hiyo ndiyo filibasta. Mwaka 1917 wakaweka njia ya kuufunga kwa theluthi mbili, na mwaka 1975 wakaishusha hadi tatu ya tano, ndiyo hiyo 60. Kwa miongo mingi silaha hii iliwatumikia zaidi maseneta wa Kusini waliopinga haki za watu weusi. Strom Thurmond wa South Carolina alisimama mwaka 1957 akaongea saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za raia.

Msidhani leo kuna mtu anayesimama hivyo. Inatosha wapinzani waujulishe uongozi kwamba hawakubali, basi muswada unahitaji 60. Fungua matangazo ya Seneti siku kama hiyo uone: viti vitupu, karani anaita majina ya maseneta moja moja, polepole, akijua kabisa hakuna wa kuitika. Muswada umeshakufa na hakuna aliyepandisha sauti.

Linaloniudhi ni kwamba kanuni hii hubadilishwa kwa wingi wa kawaida. Wademokrati walifanya hivyo mwaka 2013 kwa majaji wa ngazi za chini na maofisa wa serikali, Warepublikan wakafanya mwaka 2017 kwa majaji wa Mahakama ya Juu. Januari 2022 ilipofika zamu ya muswada wa kulinda haki ya kupiga kura, Joe Manchin na Kyrsten Sinema, wote wa chama cha Biden, walikataa kanuni iguswe. Kura zikawa 52 kwa 48, na muswada ukaishia hapo.

Si kanuni hiyo hiyo inamzuia Trump? Naona ni haki kwa pande zote. (Msomaji wa Muscat)

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana hata wachambuzi wa redio hupapita haraka.

Kuna mambo ambayo hayahitaji 60. Kuthibitisha majaji ni wingi wa kawaida. Mambo ya kodi na matumizi pia yanaweza kupitia mlango wa bajeti, mlango maalumu usiozuiwa na filibasta. Sasa jiulize kila upande unataka nini. Upande wa kulia unataka zaidi kupunguza kodi, kukata matumizi na kuweka majaji. Vyote vinapita. Punguzo la kodi la mwaka 2017 lilipita kwa 51 dhidi ya 48. Sheria kubwa ya Julai 2025, iliyopunguza kodi na kuikata Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, ilipita 51 kwa 50 baada ya Makamu wa Rais JD Vance kuvunja sare.

Wapenda mageuzi wanataka vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, sheria za kupiga kura, kima cha chini cha mshahara. Hayo ni sheria mpya, si hesabu za bajeti, kwa hiyo yanakwama kwenye 60. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Februari 2021 Wademokrati walijaribu kupitisha dola 15 kwa mlango wa bajeti. Mshauri wa kanuni za Seneti, ofisa asiyechaguliwa na mwananchi yeyote, akasema halihusiani vya kutosha na bajeti. Likatolewa.

Nisiwapake mafuta lakini. Seneta Bernie Sanders alilazimisha lipigiwe kura hata hivyo, na likaanguka 42 kwa 58. Wanane wa upande wake mwenyewe walilikataa, Sinema akiwa mbele ya meza ya makarani ameelekeza kidole gumba chini. Kanuni huwaficha wengi, na kila chama kina watu wanaopenda pawepo pa kujificha.

Na ni kweli mlango wa bajeti umewasaidia pia: sheria ya tabianchi na dawa ya mwaka 2022 ilipita humo, 51 kwa 50. Na mwaka 2017 jaribio la kuifuta bima ya Obama lilianguka humo humo kwa kura ya John McCain, seneta wa Republican. Sisemi ni ukuta mtupu kwa mmoja na barabara kwa mwingine. Nasema kubomoa kunahitaji 51, kujenga mara nyingi kunahitaji 60.

Rais mwenye nia njema si atie saini amri zake tu? (Msomaji wa Mbeya)

Atie, halafu anayefuata azifute siku ya kwanza. Sisi huku tunalijua hili kwa vitendo. Chukua sera iliyoanzishwa na Reagan mwaka 1984, ya kuzinyima fedha asasi za nje zinazotoa huduma au hata ushauri wa utoaji mimba. Clinton aliifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha 2025. Kliniki ya uzazi wa mpango Afrika Mashariki haiwezi kuajiri muuguzi kwa mkataba unaotegemea nani kashinda Pennsylvania.

Ombi pia: acheni kusambaza kila amri ya rais kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni sheria. Someni kwanza kama mahakama haijaisimamisha.

Kwa nini wasibadili Katiba yao, mambo yakaisha? (Msomaji wa Arusha)

Kwa sababu inataka theluthi mbili ya mabunge yote mawili, kisha majimbo 38 kati ya 50. Majimbo 13 yakigoma, basi. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, 338 kwa 70, pendekezo la kufuta kura za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo humchagua rais, ili achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Rais Nixon aliliunga mkono. Mwaka uliofuata lilifia Seneti, kwa filibasta ya kundi la maseneta wa Kusini, Thurmond yule yule akiwemo. Ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton aliongoza kwa kura karibu milioni 2.9 na akarudi nyumbani.

Mnailaumu Seneti ya Marekani kwa kuzipa sehemu ndogo nguvu sawa na kubwa. Mbona hapa Kenya Lamu na Nairobi kila moja ina seneta mmoja wa kuchaguliwa na hatulalamiki? (Msomaji wa Nakuru)

Swali zuri, la kwanza leo. Nairobi ina watu kama mara 30 ya Lamu. California ina kama mara 68 ya Wyoming, na kila moja ina maseneta wawili, lakini tusibishane kwa uwiano. Tofauti ni mamlaka. Seneti ya Kenya kazi yake kubwa ni mambo ya kaunti, na haithibitishi mawaziri. Ya Marekani inashika kila muswada, kila waziri, kila jaji wa shirikisho, kila mkataba wa kimataifa. Na Katiba yao imelifungia hili kufuli la ziada: hakuna jimbo linaloweza kunyang'anywa usawa wake Seneti bila ridhaa yake lenyewe.

Mji mkuu wenyewe, Washington, una wakazi karibu 700,000, wengi kuliko Wyoming, na hauna seneta hata mmoja. Wameandika malalamiko yao kwenye vibao vya namba za magari: kodi bila uwakilishi. Maseneta huyapita magari hayo kila asubuhi wakienda kazini.

Waanzishe chama cha tatu. (Wengi)

Mwaka 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za taifa zima na kura sifuri za wajumbe. Swali lingine.

Bunge lao linashindwaje kupiga kura ya kutokuwa na imani na rais? (Msomaji wa Bujumbura)

Haipo kwao. Kuna kumshtaki, na kumtia hatiani kunataka theluthi mbili ya Seneti. Haijatokea kwa rais yeyote.

Hata Seneti ikirekebishwa, Mahakama ya Juu je? (Msomaji wa Zanzibar)

Umeona mbali. Majaji tisa, wa maisha, na nafasi hufunguka kwa kifo au hiari. Jimmy Carter alitawala miaka minne bila kumteua hata mmoja. Trump katika minne yake ya kwanza aliteua watatu: kiti kimoja Warepublikan walikizuia kwa Obama karibu mwaka mzima kwa hoja kwamba uchaguzi uko karibu, kingine wakakijaza Oktoba 26, 2020, siku nane kabla ya uchaguzi. Mahakama hiyo ndiyo iliyofuta msamaha wa Biden wa mikopo ya wanafunzi mwaka 2023.

Anayewaahidi wapiga kura bima ya wote bila kusema atafanya nini na Seneti, na atafanya nini na mahakama, mimi humweka kundi moja na waganga wa kuvuta wapenzi.

Naishi Bronx na nimeshapata uraia. Meya wetu ameahidi mabasi ya bure na kodi za nyumba za kupanga zisipande. Atatimiza? (Msomaji wa New York)

Kodi za nyumba anaweza kuzisogeza, kwa sababu wajumbe wa bodi inayopanga kodi za nyumba karibu milioni moja zinazodhibitiwa huteuliwa na meya. Mabasi ni habari nyingine. Yanaendeshwa na shirika la jimbo, ambalo mwenyekiti wake anachaguliwa na gavana, na pesa za kufidia nauli zingetoka kwenye kodi za matajiri ambazo jiji haliwezi kuzipandisha bila idhini ya Albany, makao makuu ya jimbo. Gavana Kathy Hochul alishasema hataki kupandisha kodi ya mapato.

Na shukuru huko jimbo linavutana tu na jiji lenu. Birmingham, Alabama, baraza la jiji lilipandisha kima cha chini hadi dola 10.10, na Februari 2016 bunge la jimbo likapiga marufuku miji yote kufanya hivyo. Wafanyakazi wakarudishwa kwenye 7.25.

Kwa hiyo usisubiri 2028. Gavana na bunge lote la jimbo lako wanapigiwa kura Novemba 2026, na mchujo wa vyama ni Juni. Mchujo wa New York ni wa wanachama waliojiandikisha na chama tu. Usipokuwa umejiandikisha na chama, siku hiyo huna kura.