Gari linalia tik-tik-tik halafu haliwaki

Dada, kwa ulivyoeleza, kwamba asubuhi ukizungusha funguo inalia tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, usinunue stata (mota inayozungusha injini iwake) bado. Huo ni umeme mdogo.

Fungua boneti, tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, au kibanio kinacheza ukikishika, umeshampata mchawi. Zima gari, fungua hasi (–) kwanza, kisha chanya. Mwagia maji ya moto kidogo kidogo, sugua kwa brashi ya waya mpaka vichwa ving'ae, kausha. Ukirudisha anza na chanya, hasi iwe ya mwisho, na ukaze vizuri. Linda macho, ule unga una asidi.

Bado? Pima kwa mita: betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichajiwe. Gari likishawaka pima tena, isipofika 13.5 hivi, altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) haichaji, na hata betri mpya itakufia.

Ingekuwa tik moja nzito huku taa zinawaka vizuri, hapo ningekwambia umwite fundi aangalie stata.