Hati ina jina la marehemu

SWALI: Shikamoo mama. Nanunua nyumba Uyole, Mbeya. Hati ina jina la mzee aliyefariki miaka sita iliyopita. Watoto wake wanne wamekubali kuuza, ila uhamisho umekwama. Wanataka niwape nusu ya bei ili wafuatilie. Nitoe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitoe. Watoto kukubaliana ni jambo jema, lakini kisheria hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Waanze na kikao cha ukoo, waandike muhtasari, waupeleke mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Akishateuliwa, jina lake lisajiliwe kwa Msajili wa Hati, ndipo akuhamishie wewe.

Na mama yao je, yupo? Hujamtaja, na hilo linanitia wasiwasi. Sisi tuliponunua Kihesa, Iringa, hati ililetwa imekunjwa kwenye mfuko wa rambo, sahihi za watoto zote zipo. Mjane alikuwa jikoni anapepeta maharage, hajaambiwa neno. Tulirudi nyumbani na hela yetu, tukasubiri miezi saba mpaka naye akahusishwa. Sijutii hata siku moja.

Wakati unasubiri, omba upekuzi rasmi wa hati hiyo. Utaonyesha kama kuna rehani ya benki au zuio. Uliza pia deni la pango la ardhi. Kama wana shida ya nauli na ada za mahakama, wasaidie kiasi hicho tu, kwa maandishi, mbele ya wakili.