Barua kwa mwanangu: kwa nini vigari vile ni vichache

Mwanangu Baraka,

Salamu kutoka Makole. Huku hatujambo, ila vumbi la mwaka huu limezidi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unashangaa kwa nini Mattel, kampuni ya Marekani yenye uwezo wa kujaza dunia vigari vya kuchezea vya Hot Wheels, inatoa aina fulani kwa kubania, hadi mtu wa mtandaoni anakuuzia kimoja kwa bei ya mifuko kadhaa ya saruji. "Si wanajinyima hela, mama?"

Hawajinyimi hata kidogo. Hiyo bei ya mtandaoni haiwafikii. Wao walishakiuza kigari hicho kwa bei ileile ya vya kawaida. Wanachovuna ni vile vingine unavyobeba wakati unakisaka hicho kimoja. Mimi mwenyewe hapo Majengo, kitenge kikibaki doti moja nakitundika mbele kabisa. Mama anakuja kukiulizia, anakuta kimeshachukuliwa, lakini mikono mitupu haondoki.

Mattel mchezo huo waliupa jina, Treasure Hunt, mwaka 1995: aina 12, kila aina vigari 10,000. Elfu kumi ni vingi, utasema. Vitawanye kwenye maduka ya Marekani nzima, vikiwa vimechanganywa na vya kawaida, uone. Mwaka 2007 wakaongeza daraja la juu zaidi, na hicho ulichokiacha sebuleni ndicho chenyewe. Nimekitazama kwa miwani. Matairi ni mpira kweli, ukibonyeza kwa ukucha yanabonyea. Rangi inapitisha mwanga, unaona bati linang'aa chini yake. Pembeni wamechapa herufi TH, ndogo utadhani uchafu.

Sasa piga hesabu. Kalibu la chuma ndilo ghali; likishachongwa, kumwaga vigari vingi humo si kazi. Lakini matairi ya mpira na rangi ya namna ile huongeza gharama kwa kila kimoja, na dukani kinauzwa sawa na mwenzake wa matairi ya plastiki. Wakivitoa kwa wingi, faida inaliwa. Kwa hiyo uchache huo ni tangazo, na gharama yake wameshaipangia.

Si kila uchache ni mbinu, lakini. Mafundi wadogo wanaomwaga resini kwenye kalibu za silikoni hawana ujanja, kalibu inachakaa mapema. Na kuna leseni: kuchonga gari la mtu lazima mwenye jina aridhie. Ferrari zilipotea kwenye Hot Wheels kwa miaka kadhaa mkataba ulipokwisha.

Wanaonitia shaka ni wale wanaofanya uchache kuwa ndiyo bidhaa yenyewe. Pop Mart ya China inauza midoli ya Labubu ndani ya boksi lililofungwa, hujui utapata yupi, na yule adimu wa siri hutoka kwa wastani mmoja katika maboksi 72. Hapo unanunua bahati nasibu, mwanangu, mdoli ni nyongeza. Miaka ya tisini Wamarekani waliweka akiba zao kwenye wanyama wa kitambaa wa kampuni ya Ty, Beanie Babies, kwa kuwa ilikuwa "ikiwastaafisha" mmoja mmoja, yaani inaacha kuwatengeneza. Mwaka 1999 ikatangaza inaacha kabisa, kisha ikawapigisha watu kura, ikaendelea. Bei zikaporomoka, watu wakabaki na makasha ya midoli.

Sikukatazi. Kama unakipenda, nunua, hela ni yako. Ila ya kiwanja cha Nala usiiguse. Na kabla hujatuma chochote, mwambie muuzaji akupigie picha ya tumboni mwa kigari, matairi na hizo herufi kwa karibu, maana wapo wanaochukua kigari cha kawaida wakakivalisha matairi ya mpira. Akianza kuzungusha maneno, achana naye.

Mama yako